Mnyororo Nilioupiga Tupa

Siku yangu ya kwanza kazini sikuguswa na mashine wala mimi sikuigusa. Nilipewa tupa ya mviringo, nyembamba kama penseli, nikaambiwa ninoe jino moja la mnyororo wa msumeno mpaka Msimamizi wa Karakana aridhike. Jino moja, tangu asubuhi hadi saa saba. Nilikuwa nimetoka kutengeneza vinu vya posho huko kwetu Murang'a, nikijiona fundi kamili. Nilipompelekea mara ya nne, alilipima makali kwa ukucha wa kidole gumba, akanirudishia. "Mwangi, hili linakwaruza. Mimi nataka linalokata."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika ua mmoja nyuma ya soko la Kariokor. Kampuni yetu ilikata miti kwa mkataba: viwanja vilivyongoja kujengwa, kando za barabara, mikaratusi mikubwa iliyotishia mapaa ya watu. Msumeno wa mashine tuliuita pawaso, na vijana wa leo nawaona wanavyoutumia. Mnyororo ukiwa butu kidogo wanautupa, wananunua mwingine. Sisi mnyororo mmoja tuliunoa mpaka meno yakabaki vipande vidogo vya kusikitisha, na bado ulikata vizuri kuliko hiyo mipya yenu.

Siri haikuwa kubwa. Meno ya mnyororo hupishana, moja linatazama kushoto, linalofuata kulia. Ukinoa upande mmoja ukazidi mwingine, pawaso itakata kwa kupinda, na mkataji atakutukana siku nzima. Tupa husukumwa mbele tu, hairudishwi ikiwa imegusa jino. Halafu mbele ya kila jino kuna kijino kifupi kisichokata kitu. Kazi yake ni kulizuia jino lisizame mtini kupita kiasi. Kila unaponoa, jino hushuka, kwa hiyo na kijino nacho lazima kishushwe kidogo. Tulikuwa na kibati chenye mwanya cha kupimia hicho kidogo. Kumbuka habari za vijino hivi, kwa sababu ndivyo vilivyoniumbua.

Msimamizi alikuwa mtu wa kanisa, mkimya, na alikuwa na sheria moja ambayo sijaikuta kwingine. Aliyepiga tupa ndiye aliyekata kwanza. Kila asubuhi, kabla mashine haijatoka, fundi aliyeinoa aliiwasha mwenyewe akakata gogo lililolala uani, na mkataji akisimama kando anatazama. "Ukiogopa kuishika wewe," alisema, "mwenzako ataishikaje?"

Baadaye nilipelekwa stoo ya vipuri kule Industrial Area, chini ya Mkuu wa Stoo, mtu mkali aliyejua kila skrubu ilipolala. Huko ndiko nilikojifunza kabureta. Ukipunguza petroli inayoingia, injini inalia kwa sauti tamu na kuzunguka kwa kasi, nawe unafurahi, kumbe ndani pistoni inaungua. Tulipofungua karakana mpya kando ya Jogoo Road, wakati nyumba za Buruburu zinaendelea kuchipuka, mimi na Msimamizi tulihamishiwa huko, naye akaniweka kwenye benchi la kunoa.

Hapo nikawa na jina, na nitasema bila haya kwamba nililipenda. Mashine nzito zikiwafanya wakataji wafe ganzi mikono, nilikwenda Kariokor kwa mafundi wa viatu vya akala, wakanikatia vipande vya mpira wa tairi, nikavibana kwenye mishikio. Nilikwangua masizi kwenye matundu ya moshi injini ipumue. Pawaso iliyopita mikononi mwangu ilijulikana kwa sauti. Wakataji waligombania mashine zangu, nami nikaanza kuvishusha vijino kwa jicho, bila kibati. Kibati niliona ni cha wanaojifunza.

Aliyezipenda zaidi ni Mutinda, Mkamba kutoka Kangundo, mkataji hodari na rafiki yangu. Aliishi Mukuru kwa Njenga na mke na watoto wanne, na alikuja kazini kwa miguu huku anapiga mluzi. Asubuhi moja Msimamizi alikuwa amekwenda mazishini. Mutinda alikuwa na safu ya mikaratusi iliyokaukia wima, na wajenzi wanamsukuma.

"Mwangi, hii mashine imelala," akaniambia. "Mimi nataka kitu ya kukula mti."

"Nikiiamsha utaiweza?"

"Wee amsha tu. Hiyo ingine niachie."

Nikavishusha vijino vyote, zaidi ya nilivyowahi kuvishusha. Nikaiwasha, nikakata gogo la uani kama ilivyo sheria. Maranda yalitoka marefu kama tambi, na Mutinda akacheka kwa sauti. Lakini lile gogo lilikuwa la msaipresi mbichi, laini kama mkate. Mikaratusi iliyomngoja ilikuwa mikavu, yenye vifundo vigumu. Mimi nililijua hilo. Niliangalia maranda tu, nikajisifu moyoni.

Saa nne wenzake wakamleta Mutinda nyuma ya pikapu. Ncha ya upanga, yaani kile chuma kirefu ambacho mnyororo hukizunguka, ilikuwa imekutana na kifundo. Meno yaliuma kupita kiasi, yakakwama, na mashine yote ikaruka nyuma ikampata begani. Hospitalini walimshona, wakasema Mungu ni mkubwa, shingo ilikuwa karibu.

Meneja alitaka ripoti. Kama kosa ni la mkataji, mkataji anakwenda nyumbani, ndivyo ilivyokuwa. Siku iliyofuata Msimamizi aliuweka ule mnyororo mezani kati yetu. Bado ulikuwa na damu iliyokauka. "Uko sawa huu?"

"Uko sawa," nikasema.

Aliukunja ule mnyororo, akauweka kando. Sijui kwa nini hakuupima, kibati kilikuwa mfukoni mwake. Meneja akaandika kwamba mkataji alikuwa mzembe.

Siku mbili sikula vizuri. Siku ya tatu, jioni, nilivuka kwenda Mukuru nikiwa na mkate na maziwa, kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa. Nilimkuta Mutinda nje ya mlango, mkono umefungwa kifuani. Mkewe alinipa chai na kunishukuru kwa kuja. Barua ya kampuni ya kumwachisha kazi ilikuwa pale kwenye kigoda.

"Nimefikiria sana," Mutinda akasema, "na siwezi kuelewa. Wewe unanijua. Niambie tu ukweli, mimi nilikosea wapi? Nilishika vibaya?"

Naona aibu mpaka leo nikiandika maneno hayo. Mtu amekaa na mshono begani, anajichunguza mwenyewe atafute kosa langu. Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu vijino, kibati, gogo laini, na nilivyomjibu Msimamizi. Mkewe aliingia ndani na kikombe changu kabla sijamaliza.

Mutinda hakunitukana. "Basi usiniambie mimi," akasema. "Kamwambie Meneja."

Asubuhi nilikwenda ofisini kabla ya kubadilisha nguo. Meneja alipiga kelele, Msimamizi akiwa mlangoni. Nilitolewa kwenye benchi. Kwa mwaka mzima na zaidi, mimi mwenye jina, niliosha vichujio vya hewa na kuchanganya petroli na oili. Mutinda alirudishwa kazini bega lilipopona. Msimamizi aliniambia jambo moja tu: "Ulichelewa siku tatu. Lakini umefika."

Niliporudishwa benchini, Mutinda ndiye aliyekuja kuchukua mashine ya kwanza. Nilikata gogo, na safari hii nilikuwa nimeomba gogo la mkaratusi mkavu liletwe uani, na tangu hapo halikukosekana miaka yote iliyobaki. Nikamkabidhi. Hakuondoka. Alitoa kibati chake mwenyewe mfukoni, akapiga goti, akapima vijino vyote, kimoja kimoja, mpaka mnyororo ukazunguka wote. Kisha akabeba mashine akaenda.

Alifanya hivyo kila asubuhi. Tulizungumza kama zamani, tulitaniana, nilikwenda kwenye harusi ya binti yake. Lakini kila asubuhi kibati kilitoka. Miaka ya mwanzo kilinichoma kama pilipili kwenye kidonda. Nilitamani anipigie kelele mara moja yaishe. Baadaye nikawa nanoa nikijua atapima, na nikagundua kwamba sijawahi kunoa vizuri hivyo maishani. Ukiniuliza leo nani alinifundisha kazi, nitakutajia Msimamizi, halafu nitamtaja Mutinda.

Nimestaafu, na vijana huja kuniuliza namna ya kuifanya pawaso ikate haraka. Nawaeleza yote, hata habari ya matundu ya moshi. Kisha nawauliza ni mti gani, mbichi au mkavu, na nani ataishika. Wengi hukasirika, wanadhani mzee anazunguka mbuyu.

Siku yangu ya mwisho, mwishoni mwa miaka ya themanini, Mutinda alikuja mapema. Nilikuwa nimeunoa mnyororo wake kwa utulivu, nikakata gogo, nikazima mashine. Kusema kweli nilikuwa na tumaini moja la kitoto. Nilitaka siku hiyo, siku hiyo tu, aichukue aende.

Mutinda akaingiza mkono mfukoni, akatoa kibati, akapiga goti polepole kwa sababu magoti yake nayo yalikuwa yamezeeka. Nilimtazama akipapasa kijino cha kwanza, na hapo nikajua kwamba kama angeondoka bila kupima, ningemfuata hadi langoni na kumrudisha. Nikapiga goti upande wa pili, nikawa namzungushia mnyororo, jino kwa jino, apime vizuri.