Mazishi Niliyoyaandika Vibaya

Asubuhi ile nilipanda lori la kwanza lililowashwa sokoni Tanga, bila kuuliza liendako. Wana watatu wa mzee niliyeandika mazishi yake walikuwa wamekuja mara mbili kiwandani, tulikopiga chapa gazeti, kumtafuta mwandishi. Mhariri aliniambia, "Wakija tena, nawaonyesha unapolala."

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa Mngazija mwenye miezi saba tu pwani ya Mrima, niliyeacha shule mapema, nikapewa safu ya kila wiki kwa sababu ya udadisi wangu. Niliiandika kwa jina la kubuni. Nilihudhuria mazishi ya mzee wa Kizigua, nikamwona Mnyamwezi amevaa kanzu ya marehemu, anaiga kikohozi chake, anamwita mchoyo. Kisha akaingia kaburini, akalala, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Niliandika kwamba mlevi amemdhalilisha maiti, na wanawe hawakuwa na ubavu wa kumtoa. Nimeandika riwaya kadhaa tangu siku hizo. Hakuna uongo humo unaonisumbua kama ule.

Lori liliishia Pangani. Nilielekezwa kwa mama mmoja aliyepangisha vyumba karibu na kivuko. Barazani kwake fundi cherehani alikuwa akimsomea gazeti. Nikayatambua maneno yangu.

"Eti hawakuwa na ubavu!" fundi alisema. "Mtani atolewe kaburini na nani?"

"Asingekuja, sisi Wazigua tungesema tumesuswa," mama akajibu. "Mnyamwezi ndiye mtani wetu. Asipotutania msibani, atutanie lini? Ingawa wewe, Mnyamwezi, hujui hata kushona kanzu ya kuja kuiba msibani kwangu."

"Nitaiba kitanda, mama. Kufa tu."

Miguu ilitaka kurudi. Lakini lori lilikuwa limekwisha kuondoka.

"Hodi. Shikamoo, mama. Natafuta chumba."

"Marahaba. Kazi yako, mwanangu?"

Ningeweza kusema karani.

"Hayo mnayoyasoma nimeyaandika mimi."

Fundi akalishusha gazeti.

"Wewe?" Mama alisimama. "Watoto wamefiwa na baba, nawe ukawaaibisha mbele ya Tanga nzima?"

"Sikujua, mama."

"Mdomo ulikuwa nao. Ungeuliza."

"Akalale kivukoni," fundi alisema.

Mama akaketi tena.

"Chumba nitakupa. Lakini kwanza utawaandikia wale watoto kwamba umekosea, na gazeti lipate nakala. Utie jina lako la kweli, na mahali ulipo."

"Watakuja hapa."

"Waje. Ama uende zako sasa."

Nikaomba kalamu. Fundi alinieleza utani kuanzia mwanzo, mama akimkatiza kila alipojisifu, nami nikawa nauliza, nafuta, naandika upya. Likabaki jina langu la kweli. Nikalitia.

Barua zikaondoka na gari la alasiri. Mama akanipa ufunguo na mkeka. Nikaketi chumbani, mlango wazi, nikisikiliza kila gari lililosimama nje.