Nilivyomgeuza Dada Yangu Mtumishi wa Ndani

Haya, mnaouliza kila siku kwa nini pale sokoni Yeoville wananiita Mtoto wa Yaya, leo nitawaambia, ila mkitaka kucheka mcheke mapema, kwa sababu huko mbele hakuna cha kuchekesha. Ni aibu yangu, niliitengeneza kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya umati, nikiwa nimevaa suti niliyojishonea (mimi ni fundi cherehani, mnanijua, suti ile haikuwa na kosa hata moja, kosa lilikuwa ni huyo aliyekuwa ndani yake).

Dada yangu Odette ndiye mkubwa kwetu Lubumbashi, mimi ndiye kitinda mimba. Mama alipofariki nilikuwa bado natambaa, na Odette, ambaye naye alikuwa msichana wa shule tu, akaacha shule, akanibeba, akanilisha, akanifulia, mpaka nikawa mtu. Baadaye akaolewa ng'ambo, akapata uraia wa huko, na jambo la kwanza alilofanya na uraia wake ni kuniombea mimi mdogo wake nihamie kwake moja kwa moja, na mke na watoto. Jamani, foleni ya ndugu ni ndefu! Tumeisubiri hapa Johannesburg mpaka watoto wetu wakawa wanatujibu kwa Kizulu. Katikati ya kusubiri huko mume wa Odette akafa, kisha figo zake Odette zikaharibika, akawa anasafishwa damu hospitalini, hana mtoto wala jirani wa kumchemshia chai, na kila akinipigia simu neno lake ni lile lile, njoo haraka: "Kuya mbiyo, nikuone." Na wakili alikuwa ametueleza bila kuficha kwamba mwombaji, yaani Odette, akifa, na ombi limekufa.

Basi tukaitwa ubalozini kwa usaili, na kabla ya siku yenyewe wakauliza nitapenda kuzungumza lugha gani. Mke wangu, Mama Deborah, akasema chagua Kifaransa, ndicho ulichosomea. Mimi nikakataa! Kwa nini nihangaike na Kifaransa changu kilichoota kutu wakati Kiswahili kipo, tena Kiswahili nilichonyonya? Nikajigamba mezani, watoto wakisikia, kwamba nitakimwaga pale mpaka wazungu washangae. Eish, nilikimwaga kweli.

Ukumbi ulikuwa umejaa, viti vyote vina watu na bahasha zao mapajani, na ukiitwa unasimama mbele ya dirisha la kioo, unaongea kwenye kipaza sauti, kwa hiyo mambo ya kwenu yanasikika mpaka mlangoni. Ndani alikaa ofisa mmoja mama wa makamo, na pembeni yake mkalimani, binti wa Nairobi, mpole, mwenye adabu zake (simlaumu hata kidogo). Sasa, mimi nikiwa na Watanzania na Wakenya najua kukilainisha Kiswahili changu, ndiyo hiki mnachokisikia, lakini hofu ikinishika narudi Lubumbashi bila nauli.

"Anauliza, huyu Odette ni nani kwako?" akasema binti.

"Ni yaya yangu," nikajibu, kifua mbele.

Kwetu yaya ni ndugu yako mkubwa, awe mwanamume au mwanamke, na humwiti mkubwa wako kwa jina tupu kama unaita mbuzi. Kwa yule binti, yaya ni msichana wa kazi anayeajiriwa kulea watoto wa watu. Akatafsiri alichosikia, kwa sauti ya chini, kwa Kiingereza cha haraka ambacho sikukidaka, na yule ofisa akaacha kuandika akanitazama.

"Anauliza, alikuwa anafanya kazi gani pale nyumbani kwenu?"

Mimi nikaona hapa ndipo pa kumsifu dada yangu, nikajaa. "Kazi yote! Kupika, kufula, kunibeba ku mugongo. Ni yeye alinikomesha!"

Kumkomesha mtoto, kwetu, ni kumkuza. Kwa binti, kumkomesha mtu ni kumtia adabu mpaka ajute. Kwa hiyo likaja swali jingine, eti alikuwa ananipiga? Nikacheka, nikasema hapana, bon, fimbo kidogo, kama watu wote. Na wazazi wangu, je, walimtoa wapi? Swali gani hili, nikajiuliza, lakini watu wa ofisi wana maswali yao, nikajibu kwa sauti ya kanisani, "Balimutoa kwa Mungu!"

Nyuma yangu watu wakaanza kuangua kicheko, nikadhani wamependa jibu. Mpaka Mkenya mmoja aliyekaa karibu akanionea huruma, akasema, "Mzee, wewe umemwambia huyo mama kwamba ombi limeletwa na mfanyakazi wenu wa nyumbani."

Hapo akili zikanihama. Nilipiga kioo kwa kiganja, nikapaza sauti kwa lugha zote nilizowahi kukutana nazo, kwamba ni dada, ni sista, ni grande sœur, tumbo moja, ziwa moja, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo ukumbi ulivyozidi kucheka na ndivyo uso wa ofisa ulivyozidi kukunjamana. Akaongea, binti akatafsiri huku anaangalia meza: "Anasema uliulizwa ukasema ni yaya, na umebadilisha maneno baada ya kusaidiwa na watu." Mlinzi akaja kunishika mkono. Alikuwa mtu wa kanisani kwetu, suruali aliyovaa niliipunguza mimi. "Papa, tutoke polepole," akaninong'oneza, na tulipokuwa tunapita nikamwona binti yangu Deborah amejifunika uso kwa koti lake ili asijulikane kuwa ni wangu.

Uamuzi ukaja kwamba tupimwe DNA, mimi huku na Odette huko, ithibitike kama kweli ni ndugu. Nilimpigia nikamweleza, nikingoja anitukane. Akacheka mpaka akakohoa. "Basi ulisema kweli," akasema, "nilikukomesha bila mushahara." Kisha akauliza, "Lakini bakikawia?"

"Habatakawia, yaya," nikamwambia, na sikuwa na habari yoyote.

Wakakawia. Kule Yeoville kisa kilikuwa kimeshaenea, jina nimeshapewa, na mimi nacheka nao ili yaishe, huku Odette anaandikiwa tarehe ya kupimwa, tarehe inaangukia siku yake ya mashine ya kusafisha damu, inasogezwa mbele, na inayofuata inamkuta amelazwa. Mwishowe walimfuata wodini wakamchukua mate pale pale kitandani. Alifariki kabla majibu hayajatoka. Tulimzika kupitia simu yangu, familia nzima tumeinamia kioo kidogo, na mtandao ukakatika wakati wanashusha jeneza.

Majibu yalikuja baadaye. Mwanamke aliyenipigia kutoka ubalozini alikuwa na furaha, akanipongeza, akasema imethibitika tuna mama mmoja na baba mmoja, nilete pasipoti. Nikamwambia Odette amefariki. Akanipa pole, pole ya kweli kabisa, halafu akasema kwa hali hiyo faili linafungwa.

Nimeapa sitasimama tena mbele ya mtu mwenye muhuri kabla sijamuuliza mkalimani tumeelewana nini, kiapo rahisi sana, maana sina tena ndugu wa kuniombea. Na kuhamia nchi ile wala hakukuniuma sana, hapa nina cherehani yangu na wateja wangu. Kinachoniuma ni maneno ya muuguzi aliyekuwa akimhudumia, kwamba kila walipomuuliza Odette kama ana ndugu wa kuitwa aje akae naye, alijibu kuwa yupo, asiitwe, yuko njiani anakuja.