Jenerali wa Chini ya Kitanda

Juzi binti yangu alikuwa akicheza kwenye simu mchezo ambao askari wanasimuliana hadithi ndefu, kisha wanapigana kwa zamu. Papo hapo nikasikia harufu ya vumbi la chini ya kitanda chetu, kule Kabondo.

Tonton, mjomba wetu, alikuwa na mchezo kama huo, nami niliamini vita vyote huenda hivyo. Mchana mmoja wa vita, tukiwa tumejificha chini ya kitanda kile, mabomu yalinyamaza, na dada yangu mkubwa alikuwa bado kisimani.

«Zamu yetu!» nikasema, nikakimbilia mlango kwenda kumleta.

Mama alinidaka kwa sketi. «We mutoto, nani alikuambia banangojaka zamu?»

Bomu jingine lilitikisa bati. Dada alirudi jioni, bila ndoo. Mpaka leo tonton ananiita jenerali, nami bado, kabla ya kufungua mlango, nangoja zamu yao iishe.