Kahawa ya Hemani Mugutha

Jumamosi iliyopita nilimpongeza mjane kwa kujaza watu nyumbani kwake.

Mhariri wangu alitaka makala kuhusu kahawa nzuri kati ya Thika na Ruiru, na alinisumbua kwa simu tangu asubuhi. Tumezungukwa na mashamba ya kahawa, lakini kila hoteli niliyoingia iliniletea unga wa kopo na maji moto. Nilipofika Mugutha, miguu ikiniuma, harufu ya kahawa halisi ilinivuta hadi kwenye geti lililokuwa wazi. Ndani niliona hema, viti vya plastiki na watu wakinywa. Nikajiambia huu ni mkahawa mpya, wala sikuuliza.

Mama mmoja akanipa kikombe. Nikamaliza, akaniongezea.

"Mama, haki hii ni kahawa! Ukiendelea hivi, watakuja hata kutoka Nairobi."

"Wako njiani, mwanangu. Asante."

"Nani ameikaanga?"

"Mzee wangu mwenyewe."

"Basi nitamngoja nimhoji."

Mama akanijazia kikombe tena. Hapo ndipo mwanamume mwenye maikrofoni alipotuomba tusimame tuiombee familia ya marehemu. Tulipofumbua macho, akaninyooshea mkono.

"Tuna mgeni hapo, yule mwenye kikombe. Karibu mbele, ndugu, utueleze ulivyojuana na mzee wetu."

Nikapewa maikrofoni. Mama akavuta kiti karibu, akaketi kunisikiliza.