Gundi Iliyokauka Jumatano

Mjalidi vitabu yule waliyemwita Mzee Gundi alikuwa na vidole visivyotakata na hoja zisizoponyokeka. Kwenye darasa la Biblia watu wangebishana wee juu ya Farao: mahali pengine imeandikwa Mungu ndiye aliyeufanya moyo wake mgumu, pengine aliufanya mgumu mwenyewe. Sasa kosa la nani? Mzee Gundi angenyanyua kitabu kisicho na jalada, awaoneshe mshono.

"Hapa uzi mnauona. Fungua mbele kidogo, haupo. Umekatika? Wala, umepita nyuma tu. Mapenzi ya Mungu na hiari ya mtu ni uzi mmoja, jamani!"

Watu walipiga makofi, naye alirudi nyumbani kifua mbele, utadhani Mungu mwenyewe alijifunzia kushona kwake.

Binti wa pekee wa Mzee na mkewe, mwalimu katika mji wa mbali, alikuja likizo. Alhamisi, siku ya kuondoka, baba yake akamwonesha Biblia kumi na mbili alizokuwa akizijalidi kwa ajili ya kanisa la huko.

"Mwanangu, gundi bado mbichi. Ngoja kesho uende nazo. Shule haitahama."

Binti akacheka, akafungua tena begi lake. Basi la Ijumaa liliacha barabara karibu na daraja, likatumbukia mtoni, naye akafa.

Baada ya mazishi mkewe alimuuliza swali moja tu: "Baba, nani alimwambia asubiri?"

Mzee akajibu kwa mazoea: "Mapenzi ya Mungu, mama. Kazi yake haina makosa."

Tangu hapo mama hakumsemesha. Alimpikia, akamfulia, akamwekea sahani mezani na kwenda zake chumbani. Miezi miwili ikapita hivyo. Ukimya wa namna ile usimwombee hata adui yako. Kwenye darasa nako Mzee hakuonekana tena.

Ndipo polisi wakarudisha sanduku la vitabu alivyosafiri navyo binti. Biblia zilikuwa zimelowa, kurasa zimevimba. Mjalidi hashoni upya kabla ya kufumua, kwa hiyo asubuhi moja Mzee alikaa dirishani na wembe, akaanza kukata mafundo yake mwenyewe. Alipofika kwenye mgongo wa kitabu cha tatu, akauweka wembe chini. Mungu alikuwapo siku ile, hilo hakulikana. Lakini yale maneno ya kumzuia mtoto yalitoka kinywani mwake yeye, na hayakuwa ya kweli. Alikuwa amemsingizia Mungu, akalia kama mtoto.

Mama alikuwa akifagia mlangoni.

"Mimi," Mzee akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia asubiri. Gundi ilikuwa imekauka tangu Jumatano, mke wangu. Sikutaka aondoke tu. Nilitaka nile naye tena jioni moja."

Mama akasimamisha ufagio. Akaja, akavuta kiti karibu na cha mumewe.

"Najua," akasema. "Nilizigusa Alhamisi ile asubuhi. Zilikuwa kavu kabisa. Nikanyamaza, maana na mimi nilitaka abaki."

Akachukua kitabu kimoja kutoka sandukuni, akakiweka magotini, akaanza kutenganisha kurasa.