X Nyekundu kwenye Nyumba ya Hajati

Hadi leo nikipita Kisenyi, mtaa wa gereji hapa Kampala, navuta kofia mpaka kwenye nyusi, kwa hiyo ngoja niwasimulie aibu yangu mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mafundi, maana wao huongeza chumvi.

Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya mipango miji, kazi hakuna, naishi kwa shemeji Wafula, Mkenya aliyemwoa dada yangu, mwenye duka la vipuri vya magari hapo Kisenyi. Kutwa nacheza gemu la kujenga mji kwenye kompyuta, najaribu kuujenga mtaa wetu. Gemu lenyewe lina maeneo matatu tu: makazi, biashara, viwanda. Sasa niambieni, nyumba ya Kisenyi utaiweka wapi? Chini vipuri, nyuma gereji, juu watu wanalala! Nikaamua kuwaandikia watengenezaji waongeze eneo la gereji, eneo la maduka ya jumla, na eneo la mchanganyiko kama letu. Mtu mwingine angeandika akatuma. Mimi nikawaza, je, wakitaka ushahidi? Nikachora ramani, nikatoka nayo mtaani, na kila nyumba iliyolishinda gemu nikaitia X kwenye ramani. Kalamu ya bluu ilikuwa imekauka, nikatumia nyekundu. (Kampala, jamani! Mji ambao X nyekundu ukutani maana yake hamisha vitu, tingatinga linakuja. Na mimi ndiye niliyesomea miji.)

Fundi Sula, wa gereji iliyo nyuma ya duka la shemeji, akachungulia begani kwangu.

"Ssebo, bwana mkubwa, hiyo si gereji yetu?"

"Ndiyo, lakini..."

"Banange, jamani! Wanatubomolea!"

Mara mafundi wamenizunguka na spana mikononi, wengine wameshaanza kutoa injini nje, na Hajati mwenye nyumba akashuka ngazi, akanitazama, akamgeukia shemeji.

"Wafula, nilikupa duka, wewe unaniletea mpelelezi? Leo unatoka."

"Hajati, ni gemu tu," nikasema.

"Kumbe nyumba yangu ni mchezo?"

Shemeji akaninong'oneza, "Leta kompyuta uwaonyeshe, kabla sijakuua mimi mwenyewe."

Nikaileta, nikaiweka juu ya boneti, watu wakajaa. Walipouona mtaa wao nilivyoujenga, wakaanza kupoa. Sula akacheka, "Na choo umetusahau, injinia!"

"Yangu ni ipi?" Hajati akauliza.

Nikataka kuikuza aione vizuri (huku nikiwaza, je, nikibofya vibaya?), nikabofya vibaya. Nikagusa alama ya tingatinga. Nyumba ikaporomoka, vumbi likatimka kwenye skrini.

"Kumbe kazi unaijua," Hajati akasema taratibu. "Kaa hapo. Wafula atabaki na duka lake nikiona paa langu."

Nikakaa juu ya tairi, nikajenga upya huku mtaa mzima ukiniamuru, Hajati akitaka ghorofa moja zaidi, Sula akidai choo, na gemu likikataa kila kitu kwa sababu eneo hilo ni la makazi! Jua lilinichoma shingo mpaka Hajati alipoitikia kwa kichwa kwamba basi, paa ameliona, inatosha.

Ile barua sikuituma. Nimeapa, nyumba ya mtu siichori tena, hata kwenye gemu, kabla sijabisha hodi.