Daftari Lililodaiwa Kumeza Sauti ya Manju

Nilipokuwa mtoto wa darasa la sita pale Tinde, mtu mzima alisimama uani kwetu akanidai sauti yake. Alinyoosha kiganja kabisa, kama anayedai jembe aliloazimisha.

"Nirudishie," alisema. Ilitoka mikwaruzo tu.

Huyo alikuwa mzee Masanja, manju wa ngoma, mtunzi na kiongozi wa kundi lake. Jumamosi ile walikuwa washindane na kundi la kijiji cha pili. Manju akikosa sauti, watazamaji wote huhamia upande wa pili, na aibu yake hudumu mpaka mavuno mengine.

Kosa langu lilikuwa kuandika wimbo wake. Hakuna aliyenifundisha. Mwalimu wa kwaya alishanifukuza, eti naimba kama mbuzi. Sawa. Nikakusanya chupa nane za soda, nikazijaza maji, nikaongeza na kupunguza kijiko kwa kijiko, mpaka zikalingana na do re mi waliyoimba wale waliobakishwa kwenye kwaya. Tangu hapo nilichosikia nilikigonga kwenye chupa, kisha nikakiandika: nyimbo za kulimia, hata mbinja za wachunga ng'ombe.

Bibi yangu alinionya. "Milembe, manju ana dawa yake. Ukiuandika wimbo wake, koo lake linabaki kwenye karatasi."

"Basi kanisani, kwenye vitabu vya nyimbo, wangekuwa mabubu wote, Bibi."

Nilichapwa na ufagio. Wiki ile ile Masanja akakauka sauti, na Bibi mwenyewe ndiye aliyenitaja.

"Uimbe wote mbele yangu," Masanja alikwaruza. "Ukimaliza, itatoka humo."

Nikafungua daftari. Nilikuwa na hasira, na sikuibana sauti yangu ya mbuzi. So, so, la, so, mi. Majirani wakasogea kwenye uzio. Mstari wa kwanza ukapita, na wa pili. Wa tatu nilikuwa nimeukisia, maana siku niliyomsikiliza akiutunga mashine ya kusaga iliwashwa katikati. Nikaupandisha juu.

Masanja akaruka kutoka kwenye kigoda alichopewa. "Wewe mtoto, hapo hatupandi. Hapo tunashuka." Akauimba. Ulikuwa na nyufa, lakini ulifika mpaka kwa jirani.

Bibi akashika kifua. "Imerudi."

"Haijarudi, ilikuwa humo humo kooni," nikamwambia Masanja. "Baba Maganga, ulikuwa na mafua na vumbi la mazoezi."

"Huyu ana mdomo," Masanja alimwambia Bibi. Kisha akalichukua daftari, akaahidi kulifungia lisinase sauti ya mwingine. Alipofika kwenye mlango wa ua akasita. "Ule mstari. Umeurekebisha?"

Bado. Akarudi, akasimama juu ya kichwa changu mpaka nilipofuta kwa mate na kuandika upya. Ndipo akaondoka nalo. Jumamosi alishinda, akatangaza uwanjani kwamba ameshinda na uchawi wa mtoto.

Kwa miaka mingi nilikasirikia tangazo lile. Siku hizi, nikiwafundisha watoto wa Katoro kuandika wanachosikia, nakumbuka zaidi ule mguu uliorudi. Mtu anayeogopa karatasi hangojei isahihishwe. Aliogopa tu kundi lake lisije likamwona akimngoja mtoto, basi.

Masanja hayupo tena. Kundi lake bado linacheza, na wimbo ule wanaubabaisha: wakifika mstari wa tatu wanapiga ngoma kwa nguvu kuficha kwamba hawaujui. Mwanawe Maganga, anayesaga mawe ya dhahabu Mwakitolyo, amelikuta daftari kwenye sanduku. Nimempigia simu mara tatu.

"Dada, lile lina mambo," ananiambia. "Mzee alisema lisifunguliwe."

Mambo anayoyaogopa ni mistari minne na alama ya mate. Maganga, juu ya jalada pameandikwa jina langu. Lilete.